Kalenda ya Kollam na Chungu cha Wali

Mwaka 849, mtawala wa Venad aliyeitwa Ayyan Adikal alitoa hati ya haki na ardhi kwa kanisa la Wakristo wa Kisiria katika bandari ya Kollam, kusini mwa nchi ambayo leo ni jimbo la Kerala, India. Hati hiyo ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, na mabamba hayo yamehifadhiwa mpaka leo. Mashahidi walitia sahihi kila kundi kwa maandishi yake: Waislamu kwa Kikufi, Wayahudi kwa herufi za Kiebrania, Waajemi kwa Kipahlavi. Mtawala mwenyewe alikuwa Mhindu. Anayetaka kuijua Kollam ya karne ya 9 na aanze na sahihi hizo. Vyombo vilivyotoka Ghuba kwenda China vilitia nanga hapo kuchukua maji na kulipa ushuru, na karne 5 baadaye Ibn Battuta, aliyekuwa amekwisha kufika Kilwa mwaka 1331, alipita Kollam na kuusifu mji.

Hesabu ya miaka ambayo Wahindu wa Kerala wanaitumia kupanga sikukuu na mifungo yao ina jina la mji huo. Inaanzia mwaka 825. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu kilichotokea mwaka huo. Wako wanaosema ni kuanzishwa kwa bandari, wako wanaosema ni kufika kwa Wakristo kutoka Uajemi, na wako wanaoona kwamba ni hesabu ya kale ya kaskazini mwa India, inayoanza upya kila karne, iliyopewa jina jipya. Naegemea upande wa bandari, kwa sababu mahali ambapo watu wa dini nne wanaandikiana mikataba ndipo panapohitajika tarehe moja inayokubaliwa na wote. Lililo wazi ni kwamba katika karne iliyofuata hesabu hiyo ilikuwa imeshika: bamba la Mampalli, la mwaka 973, limeandikwa mwaka wa Kollam 149. Mwaka wa 1200 ulianza Agosti 2024.

Kalenda yenyewe inafuata jua. Miezi yake 12 ni zile buruji ambazo wajuzi wa falaki katika pwani yetu wamekuwa wakizitaja kwa majina ya Kiarabu. Jua likiingia Asadi, katikati ya Agosti, unaanza mwezi wa kwanza, Chingam. Likiingia Hamali, katikati ya Aprili, unaanza Medam. Likiingia Saratani, katikati ya Julai, unaanza Karkidakam, mwezi wa mwisho. Kwa kuwa jua haliendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima, mwezi unaweza kuwa na siku 29 au hata 32. Tarehe mosi inaamuliwa kwa saa: jua likivuka mpaka wa buruji kabla ya kama saa 7 na dakika 12 mchana, siku hiyo hiyo ndiyo mwanzo wa mwezi, likivuka baadaye, mwezi unaanza kesho yake. Zamani watu wa kaskazini mwa Malabar, upande wa kaskazini wa Kerala, walikuwa wakiuanza mwaka na Kanni, mwezi wa pili, kwa hiyo kila mwaka zilipita siku kama 30 ambazo kusini wamekwisha kuingia mwaka mpya na kaskazini bado wako katika ule wa zamani.

Ndani ya miezi hiyo ya jua, mwezi wa angani unaendelea na mzunguko wake, na hapo ndipo sikukuu zinapopatikana. Baadhi zinategemea jua peke yake, kama Vishu, ambayo ni mwanzo wa Medam. Nyingine zinategemea umri wa mwezi: siku ya 11 tangu kuandama au tangu kupevuka ni Ekadasi, na huja mara mbili kwa mwezi. Nyingine, na hizi ndizo zinazoipa Kerala sura yake, zinategemea kundi la nyota ambalo mwezi umelifikia. Nyota hizo ni 27, na mwezi hukaa karibu siku moja kwa kila moja. Onam ni siku ambayo mwezi uko kwenye nyota ya Thiruvonam wakati jua liko Asadi. Kwa hiyo Onam haiwezi kuhama ikaangukia Januari, kama Ramadhani inavyozunguka misimu yote. Inasogea ndani ya mwezi mmoja wa jua, haitoki nje.

Kazi ya kupiga hesabu hizo ilikuwa kazi kubwa, na Kerala ilitoa watu wa kuifanya. Mwaka 683 mwanafalaki Haridatta alitangaza utaratibu wa hesabu uliofuatwa kwa vizazi vingi. Mahali pa mwezi palihifadhiwa kichwani kwa sentensi 248, moja kwa kila siku, kwa sababu baada ya siku 248 mwendo wa mwezi, kwenda kasi na kupunguza, unarudi karibu pale pale ulipoanzia. Kila sentensi ilikuwa na maana yake ya kawaida, lakini herufi zake zilikuwa pia tarakimu. Mtoto wa ukoo wa wanafalaki alizikariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri juzuu, na akiwa mtu mzima aliweza kusema mwezi uko wapi bila kushika kalamu.

Hesabu ikizeeka hukosea. Kwenye karne ya 14 na ya 15, Parameshvara, aliyeishi karibu na mto Nila, aliona kwamba kupatwa kwa jua na mwezi hakutokei katika saa zilizotabiriwa. Mwanafunzi wa ukoo wake wa elimu, Nilakantha, aliandika kwamba mzee huyo alilitazama anga kwa miaka 55. Mwaka 1431 Parameshvara akatoa utaratibu mpya, uliosahihishwa kwa macho. Hakufanya hivyo kwa udadisi peke yake. Sadaka inayotolewa kwa mizimu siku isiyo yake haifiki, na mtu aliyefunga siku ya 10 akidhani ni ya 11 hakufunga. Uchaji ndio uliomfanya akeshe nje usiku baada ya usiku, na sayansi ya Kerala ya zama zile, ambayo leo inasifiwa dunia nzima, ilikua ikiutumikia uchaji huo.

Sasa mfungo wenyewe. Huku kwetu tukisema mtu amefunga tunaelewa hakula wala kunywa tangu alfajiri mpaka magharibi. Mfungo wa Kihindu wa Kerala kwa kawaida hauendi hivyo. Wachache wanakaa kutwa bila maji. Wengi wanachoacha ni wali. Katika nchi ambayo mlo bila wali hauhesabiki kuwa mlo, kuuacha ni kuacha chakula, hata kama mtu amekula ndizi na maharage. Siku ya Ekadasi wanakula ngano, matunda au viazi. Siku nyingine mfungo ni kula wali mara moja tu, na milo iliyobaki iwe myepesi. Nyama, samaki na pombe havikaribiwi. Ndiyo sababu naamini historia ya kalenda hii inaeleweka vizuri zaidi ukiisoma jikoni: ni lini chungu cha wali kinatelekwa, lini kinaachwa, na nani anaruhusiwa kula pamoja na nani.

Tuanze na mwezi wa mwisho, maana bila Karkidakam huwezi kuielewa Onam. Katikati ya Julai mvua za kusi zinanyesha Kerala mfululizo. Zamani ghala za mpunga zilikuwa zimebaki na vumbi, mavuno ya kwanza bado yamesimama shambani, na vibarua hawakuwa na kazi kwa sababu mashamba yamejaa maji. Homa ziliingia. Watu waliuita mwezi wa dhiki, na hawakufunga ndoa wala kuhamia nyumba mpya. Badala yake jioni taa ya mafuta iliwashwa, na mtu mmoja wa nyumba alisoma kwa sauti Ramayana ya Kimalayalam ya Ezhuthachan, mshairi wa karne ya 16, sehemu kwa sehemu mpaka mwezi uishe. Desturi hiyo ingali hai. Jikoni kulipikwa uji wa mchele na dawa za mitishamba, ambao leo unauzwa madukani ukiwa umefungwa kwenye pakiti.

Mwezi ukifa katika Karkidakam, ndipo wafu wanapolishwa. Mtu aliyefiwa na mzazi hula wali mara moja tu siku iliyotangulia. Kabla ya mapambazuko anashuka mtoni au baharini, Aluva, Varkala au Thirunelli, anaoga, na akiwa na nguo mbichi mwilini anakaa chini, amevaa pete ya majani kidoleni. Mbele yake kuna jani la mgomba. Anafinyanga tonge la wali na ufuta, analiweka, anawataja waliokufa. Kisha anasimama kando, anapiga makofi kwa mikono yenye maji, na kungoja kunguru. Kunguru wakija kula, moyo unatulia. Wakichelewa, watu wa nyumba moja wanatazamana na kujiuliza ni deni gani la marehemu halijalipwa. Nimeisoma habari hii kwa waandishi wengi wa Kerala, na wote, hata wasioamini, wanasimulia kungoja huko kwa namna ile ile.

Halafu unaingia Chingam. Mawingu yanapasuka, mpunga unaanza kuvunwa, na siku 10 kabla ya Thiruvonam watoto wanaanza kutandaza maua uani, duara likiongezeka kila siku. Hadithi yake inajulikana na kila Mmalayali, yaani mwenyeji wa Kerala. Mahabali alikuwa mfalme mwadilifu mpaka miungu ikamwonea wivu. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la Brahmini mfupi, mtu wa tabaka la makuhani, akaomba ardhi ya hatua tatu. Alipokubaliwa akakua, hatua mbili zikamaliza dunia na mbingu, na kwa ya tatu mfalme akatoa kichwa chake. Akashushwa kuzimu, lakini akapewa ruhusa ya kurudi mara moja kwa mwaka kuwatazama watu wake. Onam ndiyo siku hiyo. Wali unapakuliwa kwenye jani la mgomba na mboga za kila aina, na mlo unamalizwa kwa payasam, uji mtamu wa tui la nazi na sukari guru. Sikukuu ya kumpokea mfalme aliyeshindwa na mungu ni jambo la ajabu katika dini yoyote, nami naliona kuwa ndilo linalowafanya Wakristo na Waislamu wa Kerala nao waile bila kusita. Mwaka 1961 serikali ya jimbo iliifanya sikukuu ya Kerala yote. Huko Ghuba, ambako Wamalayali wanafanya kazi kwa maelfu, vyama vyao huendelea kupakua mlo wa Onam kwa wiki kadhaa, kila kimoja siku yake ya mapumziko.

Kanni na Thulam ni za mwanafunzi. Mwishoni mwa siku 9 za sikukuu ya Navaratri vitabu na zana za kazi vinawekwa mbele ya Saraswathi, mungu wa kike wa elimu, na hakuna anayesoma wala kuandika. Asubuhi ya siku ya 10 mtoto wa miaka miwili au mitatu anapakatwa na mwalimu, anashikwa kidole, na kuandikishwa herufi zake za kwanza ndani ya sinia la mchele.

Katikati ya Novemba unaingia Vrischikam na mfungo mrefu kuliko yote, siku 41 za mwenda hekalu la mlimani la Sabarimala. Mwanamume anavishwa shanga za mrehani shingoni, na tangu hapo hanyoi ndevu, hali nyama, hanywi pombe, halali na mkewe. Anavaa kaniki, na watu wote, hata bosi wake kazini, wanamwita Ayyappa, jina la mungu anayekwenda kumzuru. Siku ya kuondoka wanajaza nazi. Nazi inatobolewa jicho, maji yanamwagwa, samli inamiminwa ndani taratibu, kisha tundu linazibwa. Inaingia kwenye furushi la mafundo mawili linalobebwa kichwani, na asiye na furushi hilo haruhusiwi kupanda ngazi 18 za hekalu. Juu, nazi inavunjwa. Samli inamwagwa juu ya sanamu, na kifuu kinatupwa kwenye moto mkubwa unaowaka uani.

Njiani, mjini Erumeli, mahujaji wanauzunguka msikiti wa Vavar, Mwislamu ambaye hadithi inasema alikuwa rafiki wa Ayyappa, na kule mlimani Vavar ana mahali pake ambapo wanampelekea pilipili manga. Wanawake wenye umri kati ya miaka 10 na 50 walikuwa hawaruhusiwi kuingia hekaluni. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India, kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, iliamua waruhusiwe. Kerala ikagawanyika, barabara zikajaa waandamanaji wa pande zote mbili, wanawake kwa wanaume, na Novemba 2019 maswali makubwa ya kesi hiyo yakapelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi.

Wanawake wana mfungo wao, Thiruvathira, katika mwezi wa Dhanu. Wanaamka usiku, wanateremka bwawani kuoga kwa pamoja wakiimba na kuyapiga maji kwa viganja. Kutwa hawali wali, wanakula uji wa uwanga, majimbi na viazi vikuu, na usiku wanacheza ngoma ya duara wakizunguka taa, kisha wanatafuna tambuu. Wanamwomba mungu Shiva kwa ajili ya waume waliopo au watakaokuja.

Nyota hiyo ya Thiruvathira ina kazi ya pili. Wakati wa mfungo huo mwezi mpevu ndio unaoifikia. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Juni, ni zamu ya jua kupita hapo kwa siku kama 13 na nusu, na hicho ndicho kipindi ambacho wakulima wa Malabar wanapanda miche ya pilipili manga, kwa kuwa mvua na jua vinapokezana. Mwaka wa jua umegawanywa hivyo mara 27. Pwani yetu ina jambo linalofanana nalo: mwaka wa Nairuzi, unaoadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, uligawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi ambayo wakulima na mabaharia waliifuata. Tofauti ni kwamba Nairuzi ina siku 365 kamili, kwa hiyo inaachwa na jua siku moja kila miaka 4, wakati kalenda ya Kollam inafungwa kwa nyota na inaachwa na misimu siku moja kwa kama miaka 70.

Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani aliyepewa huko, na tarehe 20 Mei akafika Calicut, kaskazini mwa Kerala. Wareno walikuja kwa ajili ya pilipili. Wamalayali wanasimulia kwamba walipoomba miche ya kwenda kuipanda kwao, watu wa baraza la Samudri, mfalme wa Calicut, waliingiwa na hofu. Mfalme akawaambia waache wachukue miche, maana Thiruvathira yenyewe hawataweza kuichukua.

Mwanzo wa Medam ni Vishu. Usiku mama wa nyumba anapanga kwenye sinia la shaba mchele, nazi, embe, tango la manjano, maua ya konna, kioo na sarafu, taa ikiwa kando. Alfajiri anawaongoza watoto wakiwa wamefumba macho, ili kitu cha kwanza kukiona siku hiyo kiwe neema. Katika Medam hiyo hiyo, mjini Thrissur, mwezi ukiwa kwenye nyota ya Pooram, ndovu 15 wanasimama upande huu na 15 upande ule, ngoma zikipigwa kwa saa nyingi. Sherehe hiyo ilianzishwa na Sakthan Thampuran, mtawala wa Cochin aliyetawala 1790 hadi 1805, baada ya mahekalu ya Thrissur kucheleweshwa na mvua yasifike kwenye Pooram ya kijiji jirani na kufungiwa mlango.

Nimeiandika kalenda hii kana kwamba wote waliishiriki sawasawa. Haikuwa hivyo. Mjini Vaikom siku ya Ashtami katika Vrischikam Brahmini walilishwa hekaluni kwa maelfu, huku Waezhava, ambao wengi walikuwa wagema na wafumaji, na Wapulaya waliolima mpunga ule ule uliopikwa, wakikatazwa hata kupita barabara zinazolizunguka hekalu. Usiku wa Shivaratri wa mwaka 1888, huko Aruvippuram, Mwezhava aliyeitwa Narayana Guru aliopoa jiwe kutoka mto Neyyar na kulisimamisha kuwa Shiva, kazi ambayo ilikuwa ya Brahmini peke yao. Mwaka 1924 watu wakaanza kukamatwa Vaikom kwa kutembea katika barabara hizo zilizokatazwa. Tarehe 12 Novemba 1936, Thulam 27 mwaka wa Kollam 1112, mfalme wa Travancore, kusini mwa Kerala, aliyebeba jina la nyota aliyozaliwa nayo, Chithira Thirunal, akafungua mahekalu ya serikali yake kwa Wahindu wote, siku ya kuamkia sikukuu ya kuzaliwa kwake. Hekalu la Guruvayur, lililokuwa chini ya serikali ya Madras, lilingoja mpaka 1947.

Narayana Guru hakuyaona hayo, kwani alifariki Septemba 1928. Lakini mwezi Januari mwaka huo, akiwa Kottayam, wafuasi walimwendea kuomba ruhusa ya kuanzisha hija ya kwenda Sivagiri, kituo chake. Walijadiliana naye kuhusu siku, na ikakubaliwa iwe tarehe mosi Januari, mwaka mpya wa Wazungu. Kuhusu mfungo alisema siku 10 zinatosha. Kuhusu mavazi alichagua manjano, kisha akawaonya kwamba asije mtu akaenda kununua hariri: shuka nyeupe ya kila siku ichovywe kwenye maji ya bizari, na baada ya hija ifuliwe na kuvaliwa tena. Alitaka mahujaji wakifika wasikilize mihadhara ya elimu, usafi, kilimo, biashara na ufundi. Kundi la kwanza, dogo, lilitembea kwa miguu mwishoni mwa 1932, na siku hizi kuanzia tarehe 30 Desemba mpaka tarehe mosi Januari njia za kuelekea Sivagiri zinajaa watu waliovaa shuka za manjano.